Rangi ya Kucha Chini ya Gari

Kabla sijalipeleka gari langu kwa binamu, nililala chali chini yake uani kwangu Nachingwea, juu ya mkeka mkuukuu, nikiwa na kichupa cha rangi nyekundu ya kucha. Nilitia nukta kwenye betri, nukta kwenye kila koili, nukta kwenye masega, kile kikopo cha eksozi ambacho wezi wanakipenda kwa sababu ya madini yaliyomo ndani yake. Nilipofika nyuma nikatia nukta moja chini ya difu, lile bonge la gia lililo katikati ya tairi za nyuma. Sikudhani kuna mtu angeiba difu. Rangi ilikuwa imebaki, na mimi nilikuwa nimeshachafuka.

Hivyo ndivyo nilivyomwamini fundi wangu.

Naomba msomaji asinihukumu mapema. Binamu huyu ni mtoto wa mjomba wangu, kaka wa mama, na kwetu binamu ni mtani. Mtani ana ruhusa ambayo watu wengine hawana. Anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, akamkamata kuku wako akamla, akakuita mke wake mbele ya mumeo, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna, wewe ndiye uliyekosa adabu. Kwa hiyo unapomkabidhi mtani kitu cha thamani, hujui umemkabidhi fundi au umemkabidhi mtani. Lolote analokwambia inabidi ulipime mara mbili, na hata baada ya kulipima bado hujui.

Gari lenyewe ni saluni ya Kijapani ya silinda sita. Mwalimu wa shule ya msingi kama mimi aliweza kulinunua kwa sababu huku kwetu watu wanaziogopa silinda sita. Wanasema zinakunywa mafuta. Kwenye tambarare sikuwahi kujuta. Linakwenda kwa utulivu, abiria anasinzia kabla hamjatoka mjini. Tatizo lilikuwa kupanda mlima.

Nieleze kidogo, maana jambo hili si gumu kama mafundi wanavyolifanya lionekane. Injini ya silinda sita yenye ujazo mdogo huweka nguvu zake juu. Ikizunguka haraka, inavuta vizuri sana. Ikizunguka polepole, kama pale unapopanda mchangani ukiwa na mzigo, inakuwa kama mtu aliyeamshwa katikati ya usingizi: anakuitikia, lakini hainuki. Unakanyaga mafuta, linanguruma, halisogei. Ukisikia mtu anasema gari lake halina nguvu ya chini, ndicho anachomaanisha.

Mlima uliokuwa ukinisumbua uko njia ya Kilimarondo, mbele yake ndipo lilipo shamba la mama. Si mlima mkubwa. Ni mwinuko wa mchanga mwekundu uliochimbwa na mvua, na upande mmoja una makorongo. Kila nilipokwenda kumchukua mama kumleta mjini kwa kaka yake, gari lilikata pumzi katikati, nikalazimika kumwomba ashuke, atembee hadi juu, nami nirudi nyuma kulikimbiza upya. Mama ana goti bovu. Safari ya mwisho alipofika juu alikaa kwenye kisiki, akajifuta uso kwa ncha ya kanga, kisha akasema bila hasira yoyote:

"Mwanangu, mimi sitashuka tena njiani kama gunia lililozidi. Kaka yangu akinitaka, aje yeye."

Mjomba hawezi kwenda. Ni mzee, hatoki nje ya ua wake bila kushikwa mkono. Katika tumbo lao wamebaki wawili tu. Mlima ule ulikuwa umekaa katikati yao, na gari langu ndilo lililokuwa limeshindwa kuuondoa. Ndiyo maana nilikwenda kwa binamu. Sikuwa na fedha za kununua injini nyingine wala gari jingine, na yeye peke yake ndiye angenifanyia kazi kwa kile nilichokuwa nacho.

Gereji yake iko nyuma ya soko, chini ya bati. Nilipofika, vijana wa bodaboda waliokuwa wamekaa pale walikuwa na ushauri tayari. Mmoja akasema, "Madam, kata salensa tu. Ikitoa mlio, inavuta."

Wengi wanaamini hivyo, nami siwalaumu, maana mlio mkubwa unafanana na nguvu. Lakini ukifungua eksozi ya injini ndogo, mara nyingi unapoteza hata kile kidogo cha chini ulichokuwa nacho. Unapata kelele na majirani wasiolala. Nilikuwa nimesoma, nikamweleza kijana yule taratibu, naye akanisikiliza kwa heshima, kisha akasema, "Sawa, lakini mlio ni mtamu."

Binamu alikuwa ameshaingia chini ya gari. Tulisikia kicheko chake kabla hajatoka.

"Mke wangu," alisema akijifuta mikono, "gari yako ina surua."

Vijana wakainama kuangalia. Nukta zangu zikaonekana. Nilijikaza.

"Ni alama za kiwandani," nikasema.

"Kiwanda gani hicho kinapaka kucha? Basi sawa. Mgonjwa nitamtibu. Nitasafisha njia ya hewa, kuna mpira wake hapa umepasuka unanyonya pembeni. Plagi tutabadilisha. Halafu difu yako nitampa bwana mmoja wa Ruangwa, yeye aniachie ya kwake."

"Na mimi mwenyewe utampa nani?"

"Wewe? Nimekutembeza soko zima tangu mwaka jana. Hakuna anayekutaka."

Watu walicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikamwachia funguo. Nilipokuwa nikitembea kurudi nyumbani nikakumbuka kwamba wakati anasema habari za mpira wa hewa alikuwa amekunja uso, na wakati anasema habari za difu alikuwa anatabasamu. Nikahitimisha kwamba la kwanza ni kazi na la pili ni utani.

Alinirudishia gari baada ya wiki moja. Alilileta mwenyewe hadi mlangoni, akakataa chai, akaondoka haraka. Binamu yangu kukataa chai! Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kuchukua tahadhari. Nilifungua boneti: nukta za koili zipo, ya betri ipo. Nikainama kuchungulia masega: ipo. Nyuma kulikuwa na tope jekundu lililoganda, sikuweza kuona kitu. Nikafungua buti. Kwenye kapeti, hasa kwenye pembe, kulikuwa na punje za ufuta. Si punje mbili tatu. Ungeweza kuzikusanya ukapata kiganja. Na mita ya dashibodi ilionyesha kwamba gari lililokwenda kutibiwa nyuma ya soko lilikuwa limetembea umbali wa kwenda Lionja na kurudi, tena zaidi.

Msimu wa ufuta ulikuwa umepamba moto. Kila mwenye chombo alikuwa akisomba magunia. Nilisimama pale na punje mkononi, nikamwona binamu waziwazi akilini mwangu, amejaza gari langu magunia, mkono dirishani, redio juu.

Lakini gari lilikuwa limepona. Hilo ndilo lililonichanganya. Nilipotoka uani lilichomoka kabla sijajiandaa, mkoba wangu ukaanguka kutoka kwenye kiti. Ule mwinuko wa kuingilia barabara kuu, ambapo zamani lilikuwa likijivuta, lilipanda kama hakuna kitu. Ungetegemea nifurahi. Nilifurahi, ila furaha yangu ilikuwa na jicho moja wazi. Nguvu hizi zimetoka wapi? Kusafisha njia ya hewa na kuweka plagi mpya husaidia, lakini hakukupi gari jingine.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Ruangwa kumwona binti yangu anayesoma bweni. Njia ile naijua kama uso wangu, na huwa naanzisha upya ile mita ndogo ya safari kila ninapoondoka, mazoea tu ya mtu wa hesabu. Siku hiyo nilipofika Ruangwa, mita ilidai nimesafiri mbali kuliko siku zote. Isitoshe, mshale wa mwendo ulikuwa ukinionyesha kasi ambayo ningepaswa kuogopa, wakati lori la magunia lilikuwa limenipita bila shida. Na injini ilikuwa ikipiga kelele zaidi kwa mwendo uleule. Nikasema: amechezea mita. Amekwenda safari nyingi kuliko nilizoziona, kisha akaivuruga kuficha, na akaivuruga vibaya.

Gari lilikuwa chafu, nikalipeleka mahali pa kuoshea. Pale kuna jukwaa la saruji ambalo gari hupandishwa ili lioshwe chini. Juu yake kulikuwa na stesheni wagoni ya aina moja na gari langu, injini ileile ya silinda sita, mwili mrefu zaidi. Mwoshaji alikuwa akipiga maji kwa presha chini ya nyuma, tope likidondoka vipande vipande. Kipande kimoja kikaanguka, na chini yake, kwenye difu, kukawa na nukta nyekundu.

Nilisogea. Niliitambua. Nilikuwa nimeitia kwa mkono uliochoka, ikawa na mkia kidogo, kama koma.

Mwenye gari alikuwa ameketi kwenye benchi, mtu mzima mwenye kofia ya kufumwa, anakunywa kahawa. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba, akanisogezea nafasi. Sikumwuliza nilichotaka kuuliza. Mtu mwenye shaka hujifunza kuzunguka.

"Gari zuri, mzee. Linavuta?"

"Lilikuwa linavuta mno, mama. Tangu nilipolinunua lilikuwa gari la mlima. Sasa mimi mlima naupeleka wapi? Biashara yangu yote iko kwenye lami. Linalia tu, mafuta yanakwisha. Nikampata fundi mmoja wa kwenu Nachingwea, kijana mcheshi sana, akaniambia anaye mtu mwenye shida iliyo kinyume na yangu. Wakabadilisha vile vichwa vya nyuma. Hakuna aliyetoa kitu, ila mafundi jasho lao."

"Na huyo mtu mwingine aliridhika?"

"Fundi alisema alicheka sana."

Nilimuaga, nikarudi kwenye gari langu.

Nilipotoka Ruangwa nilipita kwenye lami yenye nguzo fupi za kilomita pembeni, nikafanya nilichopaswa kufanya tangu asubuhi. Nililinganisha. Kutoka nguzo hadi nguzo, mita yangu ilikuwa imeshaipita kilomita kabla sijaifikia nguzo. Ilizidisha kila mahali kwa kiasi kilekile. Mtu aliyeharibu mita kwa wizi haiharibu kwa unadhifu hivyo.

Fikiria baiskeli. Ile yenye nyota kubwa nyuma, yaani lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo, hupanda mlima kwa urahisi, kwa sababu unapiga pedali mara nyingi na gurudumu linazunguka kidogo. Kwenye tambarare mwenzako anakuacha huku miguu yako inachoka bure. Difu ya gari hufanya kazi hiyohiyo. Ya kwangu ya zamani ilikuwa ya mbio. Hii mpya inaifanya injini izunguke zaidi kwa kila mzunguko wa tairi, kwa hiyo inaingia mapema mahali nguvu zake zilipo. Injini haikuongezewa chochote. Imepelekwa tu pale ilipo hodari. Na kwa kuwa mita ya gari langu husoma upande wa giaboksi, si kwenye tairi, yenyewe inadhani tumekwenda mbali zaidi. Kama una gari la aina hii na huna fedha, msomaji, usikate eksozi. Anza na hewa na plagi, kisha tafuta difu kwenye ndugu yake mzito zaidi.

Kwa hiyo nilielewa kilichofanyika. Ambacho sikuelewa ni kwa nini. Mbona hakuniambia waziwazi? Mbona alikataa chai? Na difu ya yule mzee ilikuwa imelia kwenye lami tangu aliponunua gari. Je, nilikuwa nimepewa kitu kilichochoka, kitakachonawiri wiki mbili kisha kivunjike? Kivunjike wapi? Kwenye mchanga wa Kilimarondo, mama yangu akiwa ndani, mahali ambapo tembo hushuka mashambani jua likizama.

Kumwuliza ndilo lilikuwa jambo jepesi kuliko yote, na ndilo sikuweza. Ukimwuliza mtani swali la kweli kwa uso wa kweli, umeshamwita mwizi. Neno hilo lingefika kwa mjomba kabla ya magharibi, na mama hawezi kuketi katika nyumba ambayo mwanawe amemtuhumu kijana wa nyumba. Ningekuwa nimeutengeneza mlima mmoja na kujenga mwingine.

Wiki iliyofuata mjomba aliandaa hitima ya bibi yetu, mama yao. Ilikuwa lazima mama aje. Binamu akasema atanisindikiza shambani; nikaona anakwenda kulinda siri yake, nikamkubalia ili nami nimlinde yeye. Njia nzima aliimba. Mimi nilikuwa nasikiliza nyuma, mahali difu ilipo.

Mama alipanda na kapu la mihogo na kuku wawili waliofungwa miguu. Binamu akaamkia, "Shikamoo shangazi," akapewa kuku awapakate. Tulipoanza kuukaribia mwinuko, nilikuwa nimeshaamua. Gari likishindwa, nitasema yote hapohapo, mbele ya mama, na liwe liwalo. Nikamtazama binamu kwenye kioo: ameacha kuimba. Alikuwa amewashika kuku kwa mikono yote miwili na anatazama mbele, na nikaona kwamba naye anaogopa.

Gari lilipoanza kupanda, mama alishika kitasa cha mlango, kama alivyozoea. Akainua mguu wake mzima tayari kushuka.

"Tulia shangazi," binamu alisema kwa sauti ndogo. "Nililijaribu hapa na magunia ya ufuta ya watu wa Lionja. Tulia tu."

Nilikanyaga mafuta kidogo. Tairi zikatafuna mchanga, nyuma pakatikisika mara moja, kuku wakapiga kelele. Pale katikati, pale lilipokuwa likikata pumzi siku zote, injini ilibadilisha sauti ikawa nzito, na gari likaendelea kupanda polepole bila kuyumba, kama halijui kwamba hapo ndipo mahali pa kusimama. Kisiki alichokalia mama kikapita upande wa kushoto. Mama alikitazama kwa kugeuza shingo hadi kikapotea.

Juu nilisimamisha. Mkono wake ulikuwa bado kwenye kitasa. Akauondoa, akauweka mapajani.

"Mbona umesimama?" akaniuliza. "Kaka yangu anangoja."

Hapo nikacheka, na nilipokuwa nacheka nikaona njia ya kumwuliza. Njia ileile aliyopita yeye. Nikageuka nyuma.

"Binamu, wewe mwizi. Difu yangu umempa mtu Ruangwa. Nimeiona kwa macho yangu."

Akanitazama. Alitazama muda kidogo zaidi ya unaotosha kwa utani. Kisha akaangua kicheko.

"Si nilikwambia? Mbele ya mashahidi! Ukacheka mpaka jino la nyuma likaonekana. Nikasema, mwanamke huyu amebariki, tufanye kazi."

"Na chai ulikataa kwa nini?"

"Niliogopa kikombe chako kina surua."

"Hawa watoto," mama alisema, "washa gari."

Tulifika kwa mjomba mchana. Alikuwa amewekwa kwenye kiti barazani, na mama alishuka mwenyewe, mbele ya mlango, mahali alipotaka kushuka. Walishikana mikono kwa muda mrefu. Mimi niliingia ndani na kapu, nikaketi mkekani, nikaletewa chai.

Chini ya kikombe kulikuwa na nukta nyekundu. Niliona nilipokiinua. Nikatazama kisahani: nukta. Kigoda kilichokuwa pembeni yangu: nukta. Birika, kwenye mfuniko. Taa ya chumba, mahali pa kuwashia. Nje dirishani mbuzi wa hitima alikuwa amefungwa chini ya mkorosho, na kwenye pembe yake, vizuri kabisa, nukta yenye mkia kama koma.

Alikuwa amefanya kazi hiyo kabla hatujaenda shambani. Maana yake alijua. Tangu siku ile chini ya bati alijua nukta zile ni za nini, na alinichukulia gari, akaninyamazia, akangoja. Binamu alikuwa amesimama mlangoni amekunja mikono, ananitazama nikihesabu kwa macho. Hakucheka. Nami sikucheka. Hadi leo sijui ni lipi kati ya hayo yote lilikuwa utani, na kila ninapompelekea gari bado nachungulia chini baadaye, naye anajua nachungulia.

Mama akaingia akishikilia ukuta, akaketi karibu yangu, akapokea kikombe chake. Akakigeuza.

"Hii rangi ya nini?"

Mimi na binamu tulijibu kwa pamoja.

"Surua."

Mama akakiweka kikombe chini taratibu, akasogeza mkono wake mbali nacho.